Jicho la Mheshimiwa

Jumatatu, 11 Aprili 1988

Mtoto amempaka Mheshimiwa majarini. Sasa hivi! Nimegeuka kutazama chai, kurudi, picha yote inang'aa kama andazi. Na anacheka, Mungu wangu, meno manne. Nitamchapaje?

Picha si yangu. Ni ya Mzee Laban, mzee wa kanisa. Chuo kikuu cha kanisa letu kinataka maktaba yenye jina la marehemu Mheshimiwa Naftaly, aliyekiachia vitabu vyake. Jumapili washirika tunapiga kura kwa mlolongo, kama ule wa chama juzi. Wanaotaka, nyuma ya picha. Wasiotaka, nyuma ya jirani yangu Mama Obura.

Niliomba kuitunza picha mimi. Hila! Mzee Laban atanikumbuka maktaba ikitafuta mfagiaji. Niliishia darasa la nne. Kufagia katikati ya vitabu, jioni kuingia darasa la watu wazima!

Mheshimiwa namshukuru. Uchungu uliponishika, gari lake lilinifikisha hospitali. Ndiyo maana mtoto anaitwa Naftaly. Lakini tingatinga lake ndilo lilibomoa nyumba ya Mama Obura kule Mathare, sufuria ikiwa bado jikoni. Na Mama Obura ndiye ananishikia mtoto kila asubuhi nikienda soko la Kariobangi. Shukrani mbili, mgongo mmoja.

Jumatano, 13 Aprili

Nimeosha picha kwa sabuni ya unga. Majarini imetoka. Jicho la kushoto limetoka pia!

Nimelichora upya kwa wanja. Limekuwa jembamba. Sasa anakonyeza. Muturi, mume wangu, amesema anafanana na mtu anayeomba kuongezewa nyama.

Mama Obura ameitazama. Akasema nyumba yake Mheshimiwa aliiangalia kwa jicho hilohilo, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Amesema vitabu hakatai. Anachokataa ni mwanawe Obura kusoma chini ya jina la aliyewalaza nje kwenye mvua. Nimemmenyea viazi vyake vyote.

Jumapili, 17 Aprili

Hila mpya: mimi kwa picha, mtoto begani kwa Mama Obura. Kila mtu afurahi!

Milolongo ilifika hadi tangi la maji. Mzee Laban akainua picha. Watu wakaanza kukohoa, kumbe ni kicheko. Mzee Ochola, nyuma yangu, akauliza kama mimi na marehemu tulikuwa na siri.

Mtoto akaniona. Akalia, mikono hewani. Nikatoka mbio kumchukua. Kumchukua tu! Kengele ya kuhesabu ikalia hapo hapo, na ikilia hakuna kuhama. Nikahesabiwa kwa Mama Obura, nimembeba Naftaly nikimpinga Naftaly.

Jina limekataliwa, hamsini na nane kwa hamsini na sita. Ningebaki mahali pangu, ingekuwa sare.

Mama Obura alinishika mkono, machozi yanamtoka. Anadhani nilihama kwa ajili yake. Sikumwambia. Hata sasa sijui kama nilimdanganya.

Jumanne, 19 Aprili

Asante Mungu, asante tena! Maktaba itajengwa, bila jina la mtu. Vitabu vya Mheshimiwa vitapokelewa. Picha yake itakaa chumba cha historia, na kando yake majina ya waliobomolewa. Mama Obura ndiye atayataja yaandikwe.

Na mfagiaji ni mimi! Mzee Laban hanisalimii. Ni Mama Obura aliyenitaja kwa mkuu wa chuo, eti huyu ana moyo ulionyooka. Nimelia kwenye leso. Moyo ulionyooka!

Basi nimeona nimtulize Mzee Laban. Nimepita kwa mkewe, mwenyewe yuko kazini, nikaazima picha. Jicho la kulia nalo nimelifanya jembamba kidogo, yalingane. Hakuna atakayejua. Nimeiegemeza nje ukutani ikauke. Mtoto anaota jua na Mama Obura. Majarini nimeficha juu ya kabati. Safari hii nimefikiria kila kitu, hata Mzee Laban mwenyewe akiiona ata

Mama Obura ananiita. Mama Naftaly, kimbia, mtoto ana kikombe cha uji na