Boneti ya Buluu na Mashine ya Mafundi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo umechoka, niweke mambo yangu sawa. Nimeyaweka. Wosia uko kwenye droo, soksi zimekunjwa mbili mbili. Limebaki jambo moja: kumshinda shemeji.

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi na anataka kupelekwa kwa gari la zamani. Ukoo huu una mawili. Langu la buluu, nililonunua jipya. Na la shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Jeupe, lilitumika kabla hajalinunua. Ndiyo maana namwita Mtumba. Miaka thelathini na mitano sasa, kila tukikutana.

Mjukuu atakuja kuchagua Ijumaa. Alipokuja kuniambia aliniita mume wangu, akanibusu utosini, akasema mapenzi hayapimwi kwa gari. Maneno ya mtu aliyekwisha kuchagua jeupe!

Nikajikongoja hadi dukani. Muuza vifaa ana mashine mbili za kung'arishia. Moja huzunguka huku ikitikisika. Ni pole, haiunguzi rangi upesi, inamfaa anayeanza. Nyingine huzunguka tu, kwa nguvu zote. Hiyo ni ya mafundi. Nikauliza shemeji alichukua ipi. Ile pole. Basi nikachukua ya mafundi! Muuzaji akautazama mkongojo wangu, akauliza nani ataishika. Nikamwambia nilikuwa mkaguzi wa shule. Akasema shikamoo, akafunga mzigo.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kijitabu cha maelekezo. Nimesahihisha makosa manne ya lugha. Yaliyomo ni ya kitoto: vaa miwani, usivae kitu kinachoning'inia, pitisha waya begani, laza sponji ya mashine kwenye bodi ya gari ndipo uwashe.

Niliwasha kwanza. Dawa yote ya kung'arishia ikaruka. Madirisha, nguo za binti yangu kwenye kamba, paka wa jirani. Kisha mashine ikaumeza mkanda wa koti langu la kulalia, nikavutwa hadi kwenye boneti kama mwizi anayepelekwa kituoni. Binti yangu akachomoa umeme. Akaniuliza, baba, hiyo haraka ya kufa ni ya nini, si ungesubiri harusi ipite?

Paka sasa anang'aa kuliko gari.

Jumatano, 5 Machi

Mtumba alikuja, akaegemea uzio. Akauliza kama nang'arisha au nakaanga. Kisha akatoa mawaidha bila kuombwa. Anza kasi ya chini, shemeji. Usiiache mahali pamoja. Gusa rangi kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya moto, pumzika. Sponji ikianguka chini, ioshe, mchanga hukwaruza. Kingo zibandike utepe, rangi huko ni nyembamba. Nikamshukuru kama mtu anavyoishukuru sindano.

Alipoondoka nikapandisha kasi hadi mwisho. Miguu yangu haipendi kuhamahama, kwa hiyo mashine nayo ikatulia palepale. Harufu ikaja. Buluu ikayeyuka. Chini yake, njano! Na juu ya njano, herufi nyeusi: FUNZI.

Hapa niungame, maana kaburi halisubiri. Gari halikuwa jipya. Lilistaafu kutoka chuo cha udereva, baada ya kugonga kila mti wa mji huu. Nililipaka rangi uani kwa fundi mmoja, nikamwambia mke wangu hiyo ndiyo harufu ya upya. Alikufa akiamini.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Nikiendelea kung'arisha, herufi zitafutika.

Hazikufutika. Zilipata wenzao. Boneti sasa inasomeka wazi, hata kwa macho yangu: MWANAFUNZI, KAA MBALI.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifunika boneti kwa shuka. Mjukuu akaifunua. Akasoma kwa sauti, akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Akasema angekuwa bwana harusi angegeuza njia.

Shemeji, aliyekuwa ameleta gari lake, hakucheka. Nikaona heri nife nimesema. Nikaungama mbele yao wote, gari, rangi, harufu. Nikamwomba radhi kwa kila Mtumba niliyemwita.

Akasema alijua tangu wiki ile ile niliyolinunua. Dada yake, mke wangu, ndiye aliyemwambia. Alijifunzia udereva katika gari hilohilo. Aliutambua mpasuko wa kiti siku nilipolileta nyumbani. Akamkataza kaka yake asiseme. Mwache, ana furaha. Basi naye akameza Mtumba miaka yote hiyo, kwenye misiba na kwenye sherehe, akitabasamu.

Machozi yalinitoka. Ile dawa inachoma macho, na sikuwa na miwani.

Mjukuu amechagua jeupe. Nitakaa kiti cha mbele, amesema, bila hivyo hatoki. Shemeji ameliacha gari uani kwetu, limeoshwa, tayari kwa saa nne asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi

Jua limetoka. Wote wako ndani wanamvisha bibi harusi. Moyo mwepesi! Mtu akiungama huwa mpya.

Nimelizunguka gari jeupe. Zuri sana. Ila kwa jicho la mkaguzi, boneti ina ukungu kidogo, upande wa kulia. Na mtu aliyenitunzia siri miaka thelathini na mitano hashukuriwi kwa maneno matupu.

Safari hii nimevaa miwani. Sponji iliangukia mchangani, nimeipuliza. Nitaanza kasi ya chini, kama alivyosema mwenyewe. Au ya kati. Saa nne inakaribia. Tena ya juu ndiyo humaliza upesi. Miguu leo inauma, nitasimama hapahapa.