Korongo la Akiki

Shaibu alikuwa na fremu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ya kuuzia makava ya simu, nyembamba kiasi kwamba mteja mnene alihudumiwa akiwa nje. Hivyohivyo watu waliitolea udenda. Mwenyewe hakuijali, kazi ya kukaa kwenye kiti aliiona ya watu wasio na kipaji.

Siku hiyo Euphrasia, muuza khanga aliyetandaza turubai juani mbele ya fremu hiyo, alikodolea macho pete ya akiki ya mteja mpaka akasahau kumrudishia chenji. Shaibu akaona fursa.

"Dada, mawe hayo nayajua yalikozaliwa."

"Wapi?"

"Chini ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa moto. Kuna korongo pale, mvua ikinyesha akiki zimelala chini kama njugu zilizomwagika. Unaokota tu!"

"Mbona wewe hujaenda kuokota?"

Swali zuri. Shaibu akainamisha uso kwa majonzi. "Nina presha, dada. Joto la kule litaniua."

Presha, mtu anayekula chipsi mayai asubuhi na kuwakimbia mgambo bila kuhema! Euphrasia akampa pole, kisha akampa pesa yake yote ya kikoba, akalinunua korongo. Muuzaji mwenyewe hajawahi kufika hata Chalinze.

Baada ya siku kadhaa Euphrasia akarudi, viatu vyeupe kwa majivu, midomo imepasuka. Shaibu akaanza kufunga mlango atoroke.

"Usifunge, kaka! Mungu akubariki!" Akamwekea kiganjani jiwe jekundu lenye mistari myeupe.

Shaibu alitoka mbio hadi Mchafukoge, kwa sonara, mzee Tulsidas.

"Shikamoo mzee. Hili jiwe gani?"

"Marahaba. Akiki hii, safi kabisa. Yapo mengine?"

Shaibu akalinyakua jiwe. Kumbe alikuwa anasema kweli! Maskini, amedanganya watu miaka yote hiyo, na siku moja aliyosema kweli ndiyo imemtia hasara. Akarudi mbio kwa Euphrasia.

"Dada, nirudishie korongo. Pesa yako hii hapa."

"Pesa nitakaa nayo juani?" Euphrasia akaitazama fremu, akajikanda magoti. "Miguu inaniuma, kaka."

Kariakoo watu hutoa kilemba kinono ili waachiwe fremu. Shaibu akaiachia yake bila kilemba ili arudishiwe korongo, mbele ya mwenye nyumba, makava yote ndani, huku moyoni akimwonea huruma mwanamke wa watu.

Korongo kweli lilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na majivu, jua na mbuzi. Shaibu alipindua mawe mpaka kucha zikakatika, mbuzi mmoja akimfuata nyuma kwa matumaini.

"Na wewe unatafuta mawe?" mchungaji akamuuliza. "Kuna mama alikuja, akachimba humu kutwa nzima."

"Akapata?"

"Akapata mafua."

Shaibu akapanda juu ya mwamba kutafuta mtandao.

"Euphrasia! Ile akiki uliitoa wapi?"

"Arusha, kaka, sokoni. Nilinunua hiyo moja tu, wakati narudi."

"Umeniingiza mjini!"

"Wewe uliponiuzia jangwa ulikuwa unaniingiza wapi? Hebu ngoja, nina mteja hapa. Haya makava ya kung'aa, bei ya mwisho ngapi?"

Shaibu akatema majivu. Akamtajia bei, akamsihi asishushe.