Rum Tamu ya Muzee Florent

Jumatatu, 10 Juni
Historia imenichagua! Muzee Florent, baba yake Bénita mpenzi wangu, ataipokea familia yangu Jumapili kwa mazungumzo ya mahari. Kisa ni chupa tupu. Marehemu kaka yake alimletea rum, pombe tamu ya miwa na viungo, kupitia mpaka wa Bunagana. Tangu iishe, Muzee hunusa kizibo kila baada ya mlo. Nilisimama sebuleni mwake nikatangaza: walichokeneka wageni kwa moto na mvuke, mwana wa Kivu atakikeneka! Bénita alifunika uso. Kwa fahari, bila shaka. Muzee akasema, "Sawa, mutoto. Ukishindwa, nitapokea familia ya Kambere." Kambere! Aliyenishinda uenyekiti wa wanafunzi kwa hotuba fupi kuliko salamu! Hata hivyo, namshukuru Muzee kwa imani.

Jumanne, 11 Juni
Maji ya miwa niliyoyachachusha tangu wiki jana, kabla hata ya kutangaza, yametoa povu tukufu. Nikatia mdalasini, karafuu na vanila, nikawasha jiko uani. Bomba la shaba la kupitishia mvuke likafyatuka. Kanzu za kwaya za Mama Emerance, mwenye nyumba wangu, zilikuwa kambani. Sasa zina rangi ya chai. "Fiston, toa iyi usine yako mbele niite chef d'avenue!" Yaani kiwanda changu kiondoke kabla hajamwita mkuu wa mtaa. Namshukuru. Uhamisho huwanoa wanamapinduzi.

Jumatano, 12 Juni
Bomba nimeliziba kwa ugali. Nimepata shimo katika lava, nje kidogo ya mtaa wa Katoyi. Tulivu. Halina upepo. Mama Emerance aliniwahi mlangoni: kule kuna mazuku, hewa nzito ya volkano inayojaa mashimoni, haionekani, hainuki, inaua. Nilimjibu kwamba hofu ni silaha kongwe ya watawala. Akauliza ni mtawala gani anayetawala shimo. Nilimshukuru kwa mchango wake. Jioni nilihamishia jiko na pipa langu la miwa shimoni, na kando yake shomoro kadhaa walikuwa wamelala chali. Wamelewa kwa harufu tu! Heri wateja wa kwanza.

Alhamisi, 13 Juni
Hujuma! Kila njiti ya kiberiti huzimika nikiishusha shimoni. Muuzaji wa makaa amenunuliwa na maadui. Niliuhutubia moto: inuka, ewe mnyonge! Haukuinuka. Nilipoinama kuupuliza, kichwa kilizunguka kidogo. Dalili kwamba rum inakolea. Kesho nitainama zaidi.

Ijumaa, 14 Juni
Niko kitandani. Niliinama zaidi. Nilipofumbua macho nilikuwa naburutwa kwa miguu juu ya lava, na aliyeniburuta ni Kambere. Alikuja kupeleleza, akanikuta nimelala kati ya shomoro. "Amuka, muyinga! Nitabishana na nani?" Alikuwa analia. Kambere, analia! Akanibeba mgongoni hadi kwa Mama Emerance, ambaye alinikumbatia, akaniombea, kisha akanitukana hadi jioni. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko pumzi hii. Naandika bila madoido: asanteni.

Jumapili, 16 Juni
Rum hakuna. Nilimpelekea Muzee maji ya miwa yenye viungo, pamoja na ukweli wote. Alionja, akafumba macho, akasema iko mubaya sana. Kisha akamtazama Bénita, aliyekuwa ameushika mkono wangu wazi wazi mbele ya wazee. "Mutu alikaribia kufa juu ya kizibo changu. Familia yake ingie." Kambere alikaa upande wetu! Bénita aliniapisha: sitakeneka tena. Nimeapa kwa moyo uliojaa shukrani.

Wakati wa kuagana, Muzee alidokeza kwamba marehemu kaka yake alipenda pia jibini ya Masisi iliyokaushwa kwa moshi. Hiyo si kukeneka. Inataka tu mahali patulivu, pasipo upepo. Shimo nalijua. Safari hii makaa nitanunua kwa mtu mwingine.