Pipa Lililompigia Mkuu Makofi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza chuo! Maabara ya ufundi, meza ndefu, nyaya za kila rangi. Kila mmoja kapewa kidhibiti chake: kompyuta ndogo kama kucha ya kidole gumba, haina kioo wala vitufe, inangoja tu kuamrishwa. Hatimaye kuna kitu kitakachonisikiliza! Mwalimu Taratibu (jina nimempa mimi) alisema hapa tunajifunza kwa mikono. Leo kila mtu aandike maagizo ya kuwasha na kuzima taa ndogo. Taa! Nyumbani naiwasha bila chuo. Nikaliruka zoezi.

Balaa: wifi yangu, dada wa mume wangu, naye kajiandikisha. Meza hiyohiyo. Taa yake ilikonyeza kabla sijavua koti. Mwalimu akaeleza kwamba vidhibiti vyetu ni vya kawaida, havina wifi. Nikasema vina bahati. Darasa zima likacheka. Isipokuwa mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Ijumaa wanakuja wageni! Mwenye mradi bora atakuwa msaidizi wa maabara na kukabidhiwa ufunguo wa kabati la vifaa. Lazima niupate. Akiupata wifi, mama mkwe atanisimulia sifa za bintiye asubuhi, mchana na jioni. Mkwe huyo tunaishi naye nyumba moja.

Wifi anatengeneza chungu cha maua kinachojimwagilia maji. Mimi: pipa la taka linalofungua kifuniko lenyewe ukilikaribia. Mwalimu alinishauri nijaribu kila kipande peke yake kwanza. Nikamshukuru sana. Nikaunganisha vyote kwa mpigo. Pipa kimya kama mkwe mgeni.

Jumatano, 5 Machi

Nimelirudisha nyumbani pipa letu la jikoni, limejaa nyaya. Mama mkwe aliuliza nalifanya nini. Nikamjibu nalisomesha. Akauliza, basi maganda tutupe wapi? Watu wengine hawaoni mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua ugonjwa: pipa halina maagizo. Sijayaandika. Lakini ya wifi yanafanya kazi! Nikamwambia wifi kwamba mwalimu anamwita. Alipotoka tu, nikanakili maagizo yake kwenye flashi. Pampu yake inaendeshwa na mota, kifuniko changu kinaendeshwa na mota. Mota ni mota! Wifi alirudi akasema hakuna aliyemwita. Nikamwambia walimu siku hizi wana mambo mengi.

Nikayapakia kwenye kidhibiti cha pipa, nikaliwasha. Kifuniko kikafunguka! Nililibusu pipa mbele za watu. Nikalizima upesi, lisichoke kabla ya siku yake.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi umejaa. Nimevaa gauni la kijani. Mkuu wa chuo alisimama kuhutubia, nami nikabonyeza swichi.

Kifuniko kikafunguka. Kikajifunga, pwa! Kikafunguka. Pwa! Pwa! Wageni wakadhani limetengenezwa kumpigia mkuu makofi. Nao wakaanza kupiga. Mkuu kila akisema neno, pwa! Akanenepa kwa furaha, hotuba ikarefuka. Nilijiona na ufunguo shingoni.

Wifi akaninong'oneza sikioni, mpole kama maji ya mtungini, kwamba maagizo yale anayafahamu: sukuma, pumzika, sukuma tena, mpaka udongo ulowe. Akauliza kama pipa langu lina udongo.

Wakati huohuo mkuu akainama kulipongeza pipa. Likamdaka tai ya shingoni. Likaiachia, likaidaka tena! Mtu mzima akawa anaitikia kwa kichwa kama kuku anayedonoa. Akili yangu ikafanya kazi haraka: linataka kulowa, lilowe! Nikalimwagia jagi la maji.

Moshi. Mlio mdogo wa kusikitisha. Kimya.

Mkuu alitoka mzima. Tai ilibaki.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi alikuja nyumbani na ufunguo shingoni. Nilijifanya naumwa kichwa. Akasema hajaja kunicheka. Kamwomba mwalimu asinifukuze, na kaleta kidhibiti kipya ili tuanze na zoezi lile la taa nililoliruka. Tukakaa sakafuni. Alinifanya niandike kila agizo mwenyewe: washa, subiri, zima, subiri.

Ikakonyeza! Taa yangu! Nilipiga yowe, mume wangu akaja mbio na ufagio akidhani ni nyoka. Wifi alinikumbatia, sote tukicheka mpaka machozi. Kumbe mtamu, wifi yule. Akaniambia kesho tujaribu kitufe kimoja, nisikimbilie mbele. Nikamwahidi.

Jumapili, 9 Machi

Kitufe ni mambo ya watoto. Aliyeweza taa kaweza yote. Nimeamka mapema nikafunga komeo la mota kwenye mlango wa bafu: ukiingia linajifunga, ukimaliza linajifungua. Kujifunga kumefaulu kabisa, mara ya kwanza tu!

Mume wangu ameuliza kwa nini mama yake anaimba bafuni tangu asubuhi. Nimemwambia haimbi.