Soksi ya Tantine na Samaki wa Wajapani

Jumatano, 3 Julai 1996. Saint-Gilles.
Mauwa amenirudia. Si kabisa. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho: akinikuta na ujanja mwingine, hata mdogo, tumeachana. Bado ana kinyongo tangu nilipomwambia nafanya kazi benki, akanikuta dukani nasukuma vikapu vya magurudumu vya wateja. Bon, sawa. Nimeapa. Jumapili ananipeleka kwenye sherehe ya Wajapani, bustani ya Forest. Analea watoto wa familia ya Kijapani, wamemwalika. Ametaka niende nilivyo. Nilivyo! Mtu anaendaje mahali kama pale alivyo?

Ijumaa, 5 Julai.
Balaa. Nday naye anakuja. Nday fundi baiskeli, yule anayecheka hata gurudumu likimwangukia. Mauwa anasema kuna mchezo wa beseni la samaki wadogo wekundu. Unawachota kwa kijiduara cha karatasi nyembamba, na karatasi ikilowa inachanika. Nikauliza faida yake nini. Akasema ndiyo raha yenyewe. Raha gani, kuumbuka mbele ya Nday? Thubutu. Nakaa kwa mjomba, tonton Polycarpe, na mkewe, tantine, ameanika soksi zake za nailoni bafuni. Nimeikata moja. Huu si ujanja, ni maandalizi.

Jumapili, 7 Julai.
Taa za karatasi mitini, ngoma, wanawake wamevaa kanzu za maua. Mauwa naye kaazimwa moja. Nilisahau hata jina langu. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye furaha.
Nday alianza. Karatasi ikachanika palepale. Akacheka, Mauwa akacheka, na mama mwenye beseni akampa samaki mmoja bure. Kumbe ndiyo desturi yao, aliyeshindwa haondoki mikono mitupu. Hakuna aliyeniambia.
Zamu yangu. Nikakivisha kijiduara soksi chinichini. Nikachota mmoja, wawili, watano. Watu wakapiga makofi. Nikajisahau, nikaendelea. Karatasi ikayeyuka kama ilivyotakiwa, ikabaki soksi peke yake, ya kahawia, ina kiraka cha uzi mwekundu kisiginoni, inaning'inia na samaki tele. Tantine, ambaye tulikuja naye, akatangaza kwamba hiyo ni soksi yake ya misa.
Mama wa Kijapani aliinama, akanifungia samaki wote kwenye mfuko wa maji, kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.
Mauwa hakufoka. Alisema alitaka tu kuniona nikishindwa mbele yake mara moja, halafu nicheke. Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Jumatatu, 8 Julai.
Samaki wamo kwenye beseni la kufulia, wananitazama. Tantine hasemi nami. Moyo unaniuma, kweli unaniuma. Ningeshindwa tu, ningepata samaki mmoja na Mauwa wangu.
Nimeamua. Nitamwomba msamaha, nimwambie kila kitu, bila hila yoyote. Shida ni kwamba akisikia sauti yangu anakata simu. Donc, kwa hiyo, nimembembeleza tonton ampigie yeye, amwambie nimeanguka kwenye ngazi na hali yangu ni mbaya. Akifika tu, namfungulia moyo.
Bandeji ya kichwa tayari. Soksi ya pili ilikuwa bado bafuni.