Vyungu Visivyokaa Mezani

Jumatatu, 2 Juni
Mama mkwe ameomba tikiti ya kurudi Murang'a. Peris, mke wangu, ameniambia huku amegeuza uso. Anasema mama yake amechoka kukaa dirishani kutazama magari ya Saint Louis Park, huku Marekani. Mimi siwezi kumuuliza. Mkwe ni mkwe: akiingia sebuleni, naingia jikoni. Tena fleti yenyewe ni ndogo. Nasikitika, kweli. Ila nina shida zangu. Kanisani nimeshatangaza kwamba nafinyanga, na meza kwenye maonyesho ya sanaa nimepata. Meza ya jirani kachukua Enock, mwenzangu wa kanisani na wa darasa la ufinyanzi. Vikombe vyake vimenyooka mpaka vinaudhi.

Jumamosi, 7 Juni
Chungu changu kimepasuka kwenye tanuri la darasani, kikavunja na vikombe vya Enock. Mwalimu anasema udongo ulikuwa haujakauka. Enock alisema pole, kwa ile sauti yake ya kanisani. Nimerudi na mfuko wa udongo, nikausahau kwenye balkoni. Kwa bahati mbaya tu. Mama mkwe alifinyanga ujana wake wote.

Jumatano, 18 Juni
Bahati mbaya imefanya kazi. Nikitoka shifti nakuta chungu kipya kinakauka kwenye balkoni. Yeye hasemi, mimi siulizi. Nachora jina langu kitakoni, napeleka tanurini. Peris anasema siku hizi mama anaimba. Nilisimama jikoni nikamsikiliza, roho ikalainika kabisa. Kisha nikaandika bango: Wanjohi, Mfinyanzi.

Jumamosi, 21 Juni
Aibu kwenye maonyesho! Vyungu vya kwetu vina kitako cha mviringo, vimezoea mafiga. Meza haina mafiga. Cha kwanza kilibingirika mpaka kwenye nyasi, miguuni pa mzungu mwenye mbwa. Cha pili nikakidaka, cha tatu akakidaka Enock.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbali nami, pamoja na Peris, kwa adabu. Akainuka, akaja. Nilirudi nyuma haraka nikagonga nguzo ya hema. Akafungua leso kiunoni, akaisokota kata kama ya kubebea mtungi kichwani, akakikalisha chungu juu yake. Kikatulia.

Yule mzungu alikuwa amesoma kitako cha chungu kilichobingirika. Akauliza Wanjohi ni nani. Mama mkwe akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu afike Marekani. Nikasema Wanjohi ndiye huyu mama.

Basi watu wakamwita Wanjohi mchana kutwa, naye akaitika, akicheka, kwenye kiti changu. Peris alilia. Mimi pia, nyuma ya hema.

Jumapili, 22 Juni
Mama mkwe amesema tikiti isubiri. Amemtuma Peris aniletee asante jikoni, nami nimemtuma arudishe karibu. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Enock aliniuliza kanisani nimejifunza nini kutokana na mambo ya jana. Nikamwambia, mengi.

Jioni nimesahau bunda la katani kwenye balkoni. Peris aliwahi kutaja kwamba mama yake anajua pia kusuka viondo, vile vikapu vya kwetu. Bango jipya limekauka: Wanjohi, Msusi.