Ukuta wa Magazeti wa Ngenge

Jumanne, 8 Julai

Kemilembe, binti yangu, karudi kutoka Ngenge, nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake Mwesiga. Kapokewa vizuri. Kisha, nikiwa na ndizi mdomoni, akaanza kusimulia ukuta. Ta Gamaliel, baba wa Mwesiga, amebandika magazeti ya mwaka 2007 sebule nzima, na kila mgeni husomewa vichwa vya habari kimoja kimoja. Kilicho karibu na mlango kinasema: MKAZI WA BUHEMBE AGUNDUA DAWA YA MNYAUKO WA MIGOMBA. Pichani yupo mtu mwenye kofia pana, bomba la dawa mgongoni. Ta Gamaliel aliifuata dawa ile neno kwa neno: majivu, pilipili, mkojo wa ng'ombe. Kibanja chote cha migomba kikakauka. Miaka kumi na minane sasa anamwomba Mungu amkutanishe na mtu huyo.

Mtu huyo ni mimi.

Kemilembe, aliyekuwa mdogo mwaka ule, kauliza kama namfahamu, maana naye ni wa Buhembe. Nikamwambia Buhembe ni kubwa. Kofia imeficha nusu ya uso, na jina liko ukurasa wa ndani, ambao haukubandikwa. Lakini Jumamosi tumealikwa huko huko kupanga tarehe ya harusi. Ta Gamaliel akinitazama vizuri, je? Mtoto wangu ataachwa kwa sababu ya pilipili.

Jumatano, 9 Julai

Mke wangu Joanitha anasema niungame mapema, mficha uchi hazai. Nikasema nitaugua Jumamosi. Akasema hakuna neno, mdogo wangu Onesphory atakaa kwenye kiti cha baba. Onesphory! Mtu ambaye tangu mwaka ule ananiita Daktari mbele ya waumini wenzetu. Sitaugua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata wazo. Gazeti lililobandikwa linaweza kubandikiwa jingine juu yake. Nimeshuka mjini kwa Awadhi, muuza karanga, mwenye marundo ya magazeti ya kufungia. Jipya lingejulikana mara moja. Nilitaka la mwaka uleule, lililogeuka rangi ya chai. Nimechambua saa mbili nzima hadi nikapata ukurasa wa mpira, mchezaji yuko hewani anapiga kichwa. Safi kabisa. Awadhi kauliza nina shida gani na habari zilizooza wakati uongo mpya upo tele.

Ijumaa, 11 Julai

Basi hadi Muleba, bodaboda hadi Ngenge. Kisingizio: kuijua njia kabla ya msafara wa kesho. Ukurasa mfukoni, uji mzito wa muhogo wa kugandishia kwenye kopo. Ta Gamaliel alikuwa shambani, Mungu ni mwema. Mkewe, Ma Annastella, akaenda jikoni kuchemsha chai. Nikapaka, nikabandika, nikalainisha kwa kiwiko, bila hata kuvaa miwani. Dakika moja haikufika.

Akarudi, akauliza kopo ni la nini. Nikasema ni uji wangu wa vidonda vya tumbo. Akanionea huruma. Akaumimina kikombeni, akatia sukari, akasimama pale hadi nikamaliza. Sijaenda chooni tangu hapo.

Jumamosi, 12 Julai

Tumepokewa kwa kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni kwetu. Ta Gamaliel, mrefu, mpole, akaanza kuwasomea wageni ukuta. Akafika mlangoni. Akasimama. Akasema habari hii haijui.

Ule upande wa mpira ndio nilioupaka uji mimi mwenyewe. Ulikuwa umetazama ukuta. Uliotutazama sisi ni upande wa pili, na sebule nzima ikasomewa kwa sauti: MGUNDUZI WA DAWA YA MNYAUKO AKAUKIWA MIGOMBA YAKE YOTE. Picha yangu, kichwa wazi. Jina langu, Byabato wa Buhembe. Gazeti la wiki tatu baada ya lile la kwanza.

Onesphory akakohoa. Kemilembe akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Ta Gamaliel akatazama picha, akanitazama mimi. Akauliza taratibu kama ni kweli migomba yangu nayo ilikauka. Nikasema haukubaki hata mgomba mmoja, tulikula ugali miaka miwili. Mhaya, mla ndizi, ugali, miaka miwili. Akakaa chini. Akasema siku zote aliamini mtu wa Buhembe yuko kwake anakula ndizi na kumcheka. Kumbe tulinyeshewa mvua moja. Akacheka hadi akafuta machozi. Akatamka tarehe: Agosti thelathini. Kemilembe akanishika mkono. Nimelia, naandika ukweli. Onesphory kaomba apewe ule ukurasa.

Jumatatu, 14 Julai

Ta Gamaliel kapiga simu kunisalimia, ananiita mkwe. Katika mazungumzo kasema mibuni yake inanyauka kuanzia nchani, atamwita bwana shamba. Bwana shamba! Na mimi nipo? Nikamwambia asimsumbue mtu.

Nimegundua kosa letu la zamani lilikuwa pilipili. Safari hii ni tangawizi. Nimeijaribu kwenye mbuni mmoja tangu asubuhi, sasa ni saa tisa na bado una majani. Mwandishi wa gazeti anakuja kesho. Joanitha kaenda kulala kwa dada yake, hajasema kwa nini.

Napiga dawa Ngenge Alhamisi, shamba zima. Sina wasiwasi. Migomba ilichukua wiki tatu, lakini mbuni ni mti mgumu. Hauwezi kukauka kabla ya Agosti thelathini.